Kitanzi kimelala, tairi linawaka

Wasee, leo wacha tuongee kitu kizito kidogo. Serikali ya Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Wa mwisho walikuwa Hezekiah Ochuka, yule mwanajeshi wa hewani kutoka Nyakach, na wenzake wa jaribio la mapinduzi la 1982. Walinyongewa Kamiti.

Kitanzi kililetwa na Mwingereza. Wakati wa hali ya hatari, 1952 hadi 1960, alinyonga Waafrika zaidi ya 1,000, mpaka akawa na mtambo wa kunyongea wa kuhamishwa kwa gari. Wazee wetu Wajaluo walikuwa na njia yao: ukiua mtu wa ukoo mwingine, watu wako wanalipa ng'ombe, chulo kwor. Msiba mmoja unatosha.

Mwaka 2009 Kibaki aliwaondolea wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo, wakapewa kifungo cha maisha. 2017, kwa kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ikasema jaji asilazimishwe na sheria kuua.

Sasa mbona sisi bado tunaua? Huku Migori na Homa Bay ukipigiwa kelele ya mwizi, pikipiki imepotea ama nyavu zimeibwa, hakuna jaji. Ni mawe, petroli, tairi. Hata Ochuka alisomewa mashtaka.

Najua mtasema polisi huachilia wezi. Inauma, hata mimi nimeibiwa simu. Lakini ukishachoma mtu, halafu kesho pikipiki ipatikane kwa jirani, utakata rufaa wapi?