Ilani ya Saa Moja

Leo tuongee kuhusu ile amri ya kipaza sauti cha polisi tunayoijua wote: "Tawanyikeni!" Asili yake ni huku huku ninakoishi.

Mwaka 1715 Bunge la Uingereza lilipitisha Riot Act, ikaanza kazi mwaka huo huo. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu aliwasomea ilani kwa jina la Mfalme, nao walipewa saa moja waondoke. Waliobaki adhabu yao kifo, na askari akiua mtu katika kuwatawanya, hana kesi. Yaani onyo lilimkinga raia, lakini lilimkinga na muuaji wake. Maneno yalitakiwa yasomwe kamili. Wapo walionusurika mahakamani kwa sababu tu msomaji aliruka "Mungu amlinde Mfalme" mwishoni. (Waingereza na karatasi zao, jamani!)

Tatizo ni kusikia. Manchester, tarehe 16 Agosti 1819, maelfu walijaa uwanja wa St Peter's kudai haki ya kura. Mahakimu walisema ilani ilisomwa. Wengi uwanjani walisema hawakusikia kitu. Saa moja haikungojwa, askari wa farasi wakaingia na mapanga. Walikufa zaidi ya watu 10, mamia wakajeruhiwa.

Hapa England sheria hiyo ilikoma 1967, lakini mtoto wake yuko kwetu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, iliyotokana na ile ya Tanganyika ya 1930, bado ina ilani hiyo, na idadi ni ile ile, watu 12! Kilichopotea safarini ni saa moja: kwetu ni "muda unaofaa" tu. Unaofaa kwa nani?

Na huku je? Tarehe 22 Julai 2005, Jean Charles de Menezes, fundi umeme Mbrazil wa miaka 27, alipigwa risasi saba za kichwa ndani ya treni pale Stockwell, polisi wakidhani ni mtu wa mabomu. Aliyefyatua alisema alipaza sauti kwanza, "Polisi wenye silaha!" Abiria waliokaa jirani hawakusikia. Mwaka 2008 raia walioketi kwenye uchunguzi wa kifo hicho waliamua, kwa wingi wa kura, kwamba hakupaza. Jeshi la polisi lilikuwa limeshatozwa faini 2007, pauni 175,000, chini ya sheria ya usalama kazini. Askari mmoja mmoja, hakuna aliyeshitakiwa.