Sabuni Iliyoua Kuliko Mafuta

Tarehe 18 Machi 1967, meli ya mafuta iliyoitwa Torrey Canyon ilipanda miamba ya Seven Stones, kati ya Cornwall na visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ilikuwa imebeba takriban tani 119,000 za mafuta ghafi kutoka Kuwait. Serikali haikuwa na mpango wowote wa ajali kubwa hivyo, kwa hivyo ikajaribu kila kitu.

Kulikuwa na jaribio la kuivuta meli. Ikashindikana, na wikendi ya Pasaka meli ikavunjika. Tarehe 28 Machi zikaja ndege za kijeshi. Ndiyo, walipiga meli mabomu. Wakaongeza mafuta ya ndege na napalm ili moto ushike. Mabomu mengine yalikosa shabaha, na ilichukua siku tatu kuyachoma mafuta yaliyobaki ndani na kuizamisha kabisa.

Lakini mabomu yalikuwa sinema tu. Maafa makubwa yaliletwa na sabuni.

Mafuta yalikuwa yameshafika ufuoni, na Cornwall inaishi kwa watalii. Msimu ulikuwa unakaribia. Wanajeshi na wazima moto wakamwaga takriban tani 10,000 za sabuni baharini na ufuoni. Usidhani ni ile ya kuoshea vyombo. Ilichanganywa na viyeyusho vikali vya viwandani, na hivyo ndivyo vilikuwa sumu yenyewe. Tena sabuni haiondoi mafuta. Inayavunja kuwa matone madogo yanayochanganyika na maji. Wewe ukiangalia unaona ufuo msafi, kumbe mafuta yameshuka tu pale samaki na konokono wanapoishi.

Konokono wanaong'ang'ania miamba walikufa kwa wingi. Hao ndio hula mwani, kwa hivyo walipoisha, miamba iligeuka kijani kibichi kama imepakwa rangi.

Halafu kuna Godrevy. Hapo sabuni iliepukwa kwa sababu watu waliwahurumia sili wa eneo hilo. Mafuta yalifika, yakachafua, yakaachiwa mawimbi. Watafiti wa maabara ya bahari ya Plymouth walifuatilia pwani hiyo kwa miaka. Godrevy ilirudi hali yake katika miaka 2 au 3 hivi. Fuo zilizooshwa sana zilichukua 10 hadi 15.

Kisiwani Guernsey waliyafyonza mafuta na kuyamwaga kwenye shimo la machimbo ya mawe. Ufuo ukapona, shimo likabaki na mafuta kwa miongo, ndege wakiendelea kunasa humo. Hawakuwa wamesafisha, walikuwa wamehamisha.

Ungedhani somo lilieleweka. Machi 1989, meli ya Exxon Valdez ilimwaga takriban tani 37,000 huko Alaska. Safari hii walitumia maji ya moto yenye presha kali. Mawe yalitakata, na viumbe waliokuwa wamestahimili mafuta wakapikwa. Sehemu chache ziliachwa bila kuoshwa ili zilinganishwe, na miaka ya kwanza zilipona haraka kuliko zilizooshwa.

Hii haimaanishi tukunje mikono. Sabuni za leo hazina sumu kali kama zile, na njia bora ni kuyawahi mafuta yakiwa bado juu ya maji: kuyazungushia vizuizi vinavyoelea, kisha kuyakwangua kwa mashine. Mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipovuja Mauritius, wananchi hawakungoja. Walishona vizuizi kwa vitambaa na majani makavu ya miwa, wakavitandaza baharini wenyewe.

Meli zinazoleta mafuta yetu hushushia Kipevu, Mombasa, na mikoko haiko mbali. Mizizi ya mikoko huwezi kuisugua wala kuipigia maji ya moto. Siku mambo yakiharibika, kila mtu atataka picha ya mchanga mweupe upesi: serikali, kampuni, hoteli, hata sisi wa mitandaoni. Swali la kuuliza siku hiyo si kama mafuta yameondoka machoni. Ni yameenda wapi, na nani anaishi huko.