Ujira wa Matuta

Vilima vya Rusizi, wilaya ambayo eneo lake hadi mwisho wa mwaka 2005 lilikuwa katika mkoa wa Cyangugu, huteremka kwa ukali kutoka msitu wa Nyungwe hadi tambarare ya mpunga ya Bugarama. Mvua ikinyesha juu, udongo husafiri chini. Ndiyo maana serikali moja baada ya nyingine imemtaka mkulima akinge mteremko wake. Jembe limebaki lile lile. Ujira ndio ulioleta maneno.

Wabelgiji hawakulipa. Chini ya utawala wao wananchi walichimba mifereji ya kukinga maji, wakapanda miti na kutengeneza barabara kwa kazi ya shokoa iliyoitwa akazi, na aliyekosa kufika alikutana na kiboko. (Neno hilo leo, katika Kinyarwanda, ni kazi yoyote, hata ile ya mshahara.) Watu wengi walikimbilia Uganda, ambako mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda yalitoa fedha taslimu. Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, wakulima wengi waliiacha mifereji ile ikajaa udongo. Hapana ajabu, iliyochimbwa kwa kiboko haikuwa na mwenyewe.

Mwaka 1974 ukaanzishwa umuganda, kazi ya pamoja isiyo na malipo, ndugu wa salongo ya Zaire ng'ambo ya mto. Umuganda, uliotungiwa sheria mwaka 2007, ungalipo, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Lakini matuta ya ngazi hayakamiliki kwa asubuhi moja ya mwezi. Udongo wa juu huondolewa na kuwekwa kando, wa chini husawazishwa, kisha ule wa juu hurudishwa. Shamba lililopinduliwa hivyo, hasa katika udongo wenye asidi, hudai samadi na chokaa, na mavuno ya mwanzo yaweza kuwa haba.

Ndipo ulipokuja, mwaka 2008, mpango wa VUP uliowapa kaya maskini zenye nguvu za kazi ujira kwa kukata matuta na kutengeneza barabara. Kanuni ilikuwa njema. Lakini ripoti za tathmini zilitaja tena na tena ugonjwa mmoja: ujira ulichelewa. Mahudhurio huandikwa kilimani, orodha hukaguliwa kwenye umurenge, hupelekwa wilayani, wilaya nayo hungoja fedha kutoka hazina kabla ya kuzituma benki au katika chama cha akiba na mikopo. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, jina hurudi lilikotoka. Hata kama hapana mtu aliyekula fedha hizo, bado mwenye haki hakuzipata kwa wakati.

Askari anayesikiliza aweza kuuliza kwa nini wiki chache ziwe jambo kubwa. Askari akicheleweshewa mshahara, mesi haifungwi. Mkulima hana mesi. Hukopa dukani, na deni hilo huanza kumla kabla ujira haujafika. Tena, watu waliochoka kungoja wakijaa mbele ya ofisi, polisi ndiye huitwa kusimama kati yao na karani, ingawa hakuiandika orodha wala kuikalia.

Jambo zito zaidi ni kalenda. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ndicho kipindi kizuri cha kukata matuta, na msimu wa kwanza wa kupanda huanza Septemba. Ujira wa Julai unaofika Novemba haununui tena mbegu. Mwenye kungoja huenda kulima shamba la mwingine ili watoto wale, huku ngazi yake mpya ikibaki tupu. Na ngazi ambayo kingo zake hazikupandwa majani hubomolewa na maji ya msimu huo huo, na udongo wake huanza safari ya Bugarama.