Dawa ya Mpira Mchafukoge
Kabla ya motokaa kuenea Mchafukoge, Dar es Salaam, mpira wenyewe ulikuwa zao la nchi hii, kwani Wadachi waliupanda Tanga na Morogoro hata bei ilipoporomoka mwaka 1913, wakafilisika wengi miongoni mwa wenye mashamba.

Mpira ukarejea kwa sura nyingine: baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, yakaja kwa wingi magari yaliyokwisha kutumika Japani, yenye bampa za plastiki na mipira ya milango ambayo jua letu huifubaza na kuipasua. Ndipo sponji na chupa ya mafuta ya silikoni, ya kurudishia weusi wa mipira na bampa hizo, vikawa riziki ya vijana wa Kariakoo na Gerezani. Weusi uliozidi kumeremeta, kwa rai yangu, humhadaa mnunuzi wa gari. Na tairi likipakwa panapokanyaga barabara, huteleza.