Chupa za Merikebuni na Forodha ya Dar es Salaam

Tangu Wadachi walipoifanya Dar es Salaam makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, merikebu zilizotia nanga mbele ya Kivukoni zilileta, pamoja na barua, nguo na maafisa, makasha ya mvinyo na ulevi mkali. Na kwa kuwa meli kubwa hazikuwa na gati la kina hadi 1956, abiria na mizigo yao waliteremshwa kwa mashua na matishari hadi ufukoni, wakakabidhiwa kwa makarani wa forodha.

Lakini sheria haikupima chupa peke yake, bali ilimpima na mnywaji. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baada yake ule wa Saint-Germain wa 1919, uliwekea mipaka biashara ya ulevi mkali barani Afrika; na Uingereza ilipokabidhiwa amana ya Tanganyika mwaka 1922, ililazimishwa kuisimamia kwa ukali. Hivyo wiski iliyokuwa halali mezani kwa Mzungu ikawa marufuku kwa Mwafrika, aliyeachiwa pombe ya kienyeji, nayo kwa leseni, hadi miaka ya 1950. Kwa Waislamu wa mji, makatazo ya dini yalikuwa ya kale kuliko serikali zote hizo.

Ubaguzi huo ulikuwa dhuluma iliyovikwa joho la huruma. Leo sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 humruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18, awe wa asili yoyote, kuingia na lita moja ya pombe kali bila ushuru.