Songea Ilivyowajua Kabla ya Dar es Salaam

Mwaka 1985 Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Mwaka 1986 ikautwaa tena. Ligi hiyo ilikutanisha timu bora za Bara na Zanzibar, na wapenzi wengi wa soka walikuwa wamezoea kuona kombe likiishia Dar es Salaam au Unguja. Mara hizo mbili lilikwenda kusini, kwenye mji ulio karibu kilomita elfu moja kutoka Kariakoo, unaosifika zaidi kwa mahindi na tumbaku kuliko kwa wafungaji mabao.

Jina la timu lilikuwa na uzito wake tangu zamani. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliacha makovu makubwa Ungoni. Songea Mbano, nduna wa Wangoni ambaye mji umerithi jina lake, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na viongozi wenzake. Wachezaji wa Majimaji wakaitwa Wanalizombe, kwa jina la ngoma ya Kingoni inayochezwa kwa kishindo cha miguu. Kijana aliyevaa jezi hiyo alijua amevaa cha wote.

Ila orodha ya mabingwa haielezi ubingwa huo ulitoka wapi. Ulitokana kwa sehemu kubwa na tabia ya mashabiki wa Songea ya kumjua mchezaji mapema. Kinda akiwa bado anacheza peku kwenye uwanja wa shule, huko Lizaboni, Bombambili au Matarawe, tayari wapo watu wazima wanaojua anatumia mguu gani, kaka yake alicheza namba ngapi, na kama akikwatuliwa anaamka au anabaki chini akimlalamikia mwamuzi. Bado hajaandikwa na gazeti lolote, lakini kijiweni ameshajadiliwa hadi jua limezama.

Njia ya kinda huyo miaka ya 1970 na 1980 ilieleweka. Shule ya msingi kulikuwa na mashindano ya UMITASHUMTA, sekondari kukawa na ya UMISSETA, na jioni alichezea timu ya mtaani. Akiwika, aliitwa timu ya mkoa kwa ajili ya Kombe la Taifa. Kila hatua ilikuwa na watazamaji wake, na shabiki makini alimfuata kijana kutoka hatua moja hadi nyingine kwa miaka, akibishana na wenzake kama kweli ataiva au ni wa mchangani tu.

Kilichofanya vijana hao wabaki mikoani ni ajira. Mashirika ya umma, ushirika na ofisi za mikoa vilikuwa na timu au vilizishika mkono timu, na mchezaji mzuri aliweza kupata kazi ya mshahara bila kuhama. Ndiyo maana soka la miaka ile lilijaa majina kama Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, RTC Kagera na Ushirika ya Moshi. Ndiyo maana pia Tukuyu Stars ya Mbeya iliweza kuwa bingwa wa Bara mwaka 1986, mwaka uleule ambao Majimaji ilibeba taji la Muungano. Mtu akitazama leo anaweza kudhani ni bahati iliyojirudia. Haikuwa bahati. Vipaji vilikuwa na sababu ya kukaa kwao, na vikikaa pamoja misimu kadhaa, timu inazaliwa.

Mchezo wa ugenini ulisikilizwa redioni. Betri zilizochoka zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu za dakika tisini, na redio moja ilizungukwa na watu kumi au zaidi. Sauti za watangazaji wa Radio Tanzania kama Ahmed Jongo na Charles Hilary zilimfanya msikilizaji aone mpira kwa masikio. Kwa mtu wa Songea kulikuwa na jambo la ziada: jina lililotajwa Uwanja wa Taifa lilikuwa la kijana aliyemwona akicheza juzi tu. Mtangazaji alimtambulisha kwa nchi nzima mtu ambaye kijiwe kizima kilishamjua tangu akivaa kaptula ya shule.

Wengine waliondoka, na majina yao yakaendelea kusikilizwa kwa makini ileile. Steven Mapunda, aliyepewa jina la Garrincha kwa kumkumbuka winga wa Brazil, alitoka Majimaji akaichezea Simba. Kumfuatilia mchezaji wa namna hiyo kulikuwa na utamu uliochanganyika na uchungu, maana siku Simba ilipocheza na Majimaji shabiki alilazimika kuchagua moyo wake ukae upande gani.

Wamarekani nao wana desturi kama hii ya kumfuatilia mchezaji tangu akiwa kinda, kwenye besiboli, ila wao waliiwekea mfumo. Miaka ya 1920 Branch Rickey, meneja wa St. Louis Cardinals, alianza kununua timu za miji midogo ili zimkuzie wachezaji. Utaratibu huo ulienea, na tangu 2021 klabu 30 za ligi kuu zina timu 120 za madaraja ya chini. Shabiki wa mji mdogo huko anajua tangu siku ya kwanza kwamba kijana anayemshangilia yuko njiani. Songea haikuwahi kusaini mkataba wa namna hiyo na mtu yeyote. Mwaka 1985 iliwalea vijana ili wawe mabingwa wakiwa na Songea, na wakawa.

Mashirika yalipobinafsishwa miaka ya 1990, timu nyingi za mikoani zilikosa mlezi. Katikati ya hali hiyo Majimaji ilishinda tena Ligi ya Muungano mwaka 1998, na taji hilo la tatu linastahili heshima kuliko linavyopewa. Baada ya hapo mambo yakawa magumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya mashuleni ilisitishwa na serikali, na hata iliporudishwa kulikuwa na pengo la rika zima la vijana ambao hawakuonekana na mtu.

Majimaji iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2015/16, desturi ya kufuatilia makinda ilikuwa hai, ila mwendo wake ulikuwa umebadilika. Mfano mzuri ni Marcel Kaheza. Msimu wa 2017/18 alifunga mabao 14, sawa na John Bocco wa Simba, nyuma ya Emmanuel Okwi aliyemaliza na 20. Kufunga mabao hayo ukiwa kwenye timu inayopigania kutoshuka ni kazi nzito kuliko kuyafunga ukiwa na viungo wa Simba nyuma yako. Timu yake ilishuka daraja msimu huohuo, yeye akasajiliwa Simba, na baada ya muda mfupi akapelekwa kwa mkopo AFC Leopards ya Nairobi. Mkoa wa Ruvuma ukabaki bila timu Ligi Kuu.

Kumbukumbu za mashabiki, hata hivyo, zina thamani ambayo wazee wa vijiwe vya miaka ya 1980 hawakuifikiria. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu ndogo inaweza kudai fungu lake ikiwa ilimsajili kijana rasmi na tarehe zake zinaonekana kwenye kumbukumbu za shirikisho. Songea haijawahi kupungukiwa watu wanaokumbuka nani alicheza wapi na mwaka gani. Kinachohitajika ni makatibu wa timu za mtaani kuyaandika hayo kwenye fomu za usajili wakati kijana bado ana miaka 12.