Amplifaya Iliyovuka Busia

Mwanzoni mwa 2008, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka pale Busia na Malaba, wakikimbia vita vya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wengi walipelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na mwaka huo huo wakahamishiwa hapa Kiryandongo. Watu walibeba magodoro, sufuria na watoto. Mjomba wangu alibeba amplifaya ya kwaya.

Hata wakati huo ilikuwa imezeeka. Ni ya transista, ya miaka ya 1970, siku zile wanamuziki wa Kongo walikuwa wakihamia Nairobi. Les Mangelepa ilianzishwa Nairobi mwaka 1976. Samba Mapangala alipiga kwanza Kampala, akafika Nairobi mwaka 1977. Siku hizo mara nyingi mwenye vyombo ndiye alikuwa mwenye bendi. Mjomba alijua hilo. Godoro utapewa lingine, amplifaya nani atakupa?

Mwaka jana ilianza kunguruma hata kama hakuna anayeimba. Kwenye mkutano mfanyakazi wa shirika moja akasema, "Hiyo ni mzigo, tupeni, tutaandika ombi la mpya." Vijana wengine walikubali. Mimi nikasema tuite fundi wa redio kwanza.

Fundi aliifungua, akatuonyesha kwamba vitu vya ndani havizeeki pamoja. Transista na transfoma zilikuwa nzima, na zinaweza kukaa miaka mingi zisipochomwa. Ugonjwa ulikuwa kwa kapasita, zile kubwa kama vikopo, kazi yake kulainisha umeme. Ndani zina majimaji, na hayo hukauka polepole. Joto ndilo adui: joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua karibu nusu. Sasa fikiria miaka yote hiyo chini ya mabati! Mbili zilikuwa zimefura juu. Akabadilisha kapasita zote za aina hiyo, na waya wa umeme uliopasuka. Volyumu iliyokuwa inakwaruza ilihitaji kusafishwa tu.

Spika moja haikupona, sponji yake ilikuwa unga. Kwa hiyo sisemi kila cha zamani kinaaminika.

Nawaomba ndugu zangu wa kambini na wa mashirika: chombo kilichokaa stoo miaka msikichomeke moja kwa moja kwa umeme. Kapasita iliyolala muda mrefu inaweza kupasuka. Fundi wetu aliiwasha kwanza kupitia balbu ya zamani ya waya, ili kama kuna shoti, balbu iwake badala ya amplifaya kuungua. Na msiguse ndani hata mkichomoa, kapasita hubaki na umeme wa kukurusha.

Kwaya inaitumia kila Jumapili. Kwenye bajeti ya vijana mwaka huu nimeandika kapasita za akiba na siku mbili za fundi kufundisha. Ombi la amplifaya mpya bado halijajibiwa.